Robo na Thumni Katika Mkate

Mtoto mdogo aulizwapo lipi kubwa kati ya robo na thumni, mara nyingi hujibu upesi, "Thumni." Robo huandikwa kwa nne na thumni kwa nane, naye amekwisha kufunzwa kuwa nane yaizidi nne. Kosa hilo si la ujinga. Latokana na kupewa tarakimu kabla ya kuonyeshwa kitu chenyewe.

Wazazi wa Vanga, kusini mwa pwani ya Kenya karibu na mpaka wa Tanzania, wanayo dawa yake jikoni. Mkate wa sinia ukiisha kupoa, mama na aukate katikati mbele ya wanawe: hizo ni nusu mbili. Akikata tena kwa kukingamisha, hupata robo nne. Na kila robo ikigawanywa sawasawa, huwa thumni nane. Hapo mtoto na achague, robo moja au thumni moja? Mwenye njaa hakosei. Ataona mwenyewe kwamba walaji wakizidi, fungu la kila mmoja hupungua.

Lakini mafungu hayana budi kulingana. Nazi ivunjwapo hutoa vizio viwili, na pengine kimoja hukizidi kingine. Aliyepewa kilicho kidogo hakupata nusu, ijapokuwa vipande ni viwili. Katika mkate, mtoto mmoja na akate, na mwenziwe awe wa kwanza kuchagua. Mkataji atakiangalia sana kisu chake.

Hesabu hii si ngeni kwa watu wa pwani. Wazee walipima mchele kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Kwa hiyo kisaga kilikuwa nusu ya pishi, na kibaba robo yake. Siku hizi dukani hupimwa kwa kilo, lakini robo ni ile ile, yaani gramu 250 katika 1000. Mtoto atumwaye sukari robo kilo yafaa ajue kwamba vifurushi vinne vya namna hiyo hutimiza kilo moja.

Wala jambo hili haliishii dukani. Katika mirathi ya Kiislamu, madeni na wasia vikiisha kuondolewa, mjane aliyekuwa mke wa pekee hupata robo ya mali ikiwa mumewe hakuacha mtoto. Ikiwa ameacha mtoto, hupata thumni. Asiyejua kuwa robo ni thumni mbili aweza kupunjwa nusu ya haki yake, naye akashukuru kwa kudhani ameongezewa.

Basi kisu kisipite katika mkate kimya kimya. Kila kikatapo, na litajwe jina la fungu, kisha mtoto alitaje mwenyewe kabla ya kulila.