Mgonjwa aambiwe kuhusu jeraha la pili

Fundi anayetia kiraka katika kanzu hukata kitambaa mahali pengine. Daktari mpasuaji anayejenga upya taya lililoondolewa kwa sababu ya saratani, au ya uvimbe uitwao ameloblastoma, kwa kawaida hukata kiraka chake katika mwili wa mgonjwa yuyo huyo. Hapo ndipo huzaliwa jeraha la pili, ambalo ni rahisi kusahauliwa wote wanapoutazama uso.

Utaalamu huu si wa kubezwa. Mwaka 1989, mpasuaji wa Marekani, David Hidalgo, alichapisha maelezo ya kujenga taya la chini kwa ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, ukihamishwa pamoja na mishipa yake ya damu na kuungwa na mishipa ya shingo. Njia hiyo imewarudishia wengi uwezo wa kutafuna, kusema na kutoka mbele za watu. Ulimi nao waweza kutengenezwa kwa ngozi ya kigasha, na shimo la kinywani kuzibwa kwa msuli wa kifua.

Hata hivyo, mwili hautoi bure. Mguu uliotolewa mfupa waweza kuchelewa kupona, kifundo kikalegea, na kidole gumba kikapungukiwa na nguvu. Kigasha aghalabu hufunikwa kwa ngozi iliyobanduliwa pajani, na hilo huwa jeraha la tatu. Ngozi hiyo isiposhika, kano hubaki wazi. Wengine hubaki na ganzi mkononi, au vidole vyao huumia kwa baridi. Msuli wa kifua ukihamishwa, bega nalo laweza kudhoofika. Wengi hupona na kurejea kazini, lakini hiyo si sababu ya kuwanyima maelezo.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kiingereza hupaita mahali panapotolewa nyama au mfupa kwa neno lenye maana ya mfadhili. Tukilitafsiri kikasuku, mgonjwa atadhani kwamba kuna mtu, au hata shirika la ng'ambo, lililojitolea kumsaidia. Neno "kupandikiza" nalo laweza kumkumbusha figo inayotolewa na ndugu. Je, anayetia kidole katika karatasi ya idhini kwa maneno kama hayo amekubali nini hasa?

Kiswahili hakikosi namna ya kulieleza jambo hili. Yatosha kusema: "Tutatoa mfupa mguuni mwako tuutie tayani. Utakuwa na vidonda viwili, na huenda mguu ukakusumbua." Wanaotaka istilahi watumie "jeraha la chanzo".

Wala hili si ombi la hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa manufaa, hatari, gharama na matokeo ya kila tiba, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba ya mwaka 2010 nayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi fomu ya idhini isiyotaja jeraha la pili kwa maneno yanayoeleweka haijatimiza wajibu wake, hata ikiwa na sahihi na mihuri kumi.

Isitoshe, mazungumzo hayo humfaa mpasuaji mwenyewe. Fundi wa cherehani ya kukanyaga anauhitaji mguu wake kwa namna ambayo karani haihitaji. Dobi anayetia mikono katika maji baridi alfajiri hatalichukulia jeraha la kigasha kama atakavyolichukulia mwalimu. Daktari atajuaje asipouliza? Akijua, huenda akachagua mkono usiotegemewa sana, au njia nyingine kabisa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpasuaji humaliza kazi yake kwa saa kadhaa, ilhali mgonjwa hubaki na mguu huo maisha yake yote. Ni haki aambiwe mapema, naye aseme ni kiungo gani yuko radhi kukitoa.