Mambo ya Nyumbani: Nywele, Ngozi na Maji ya Bwawa



Mama mmoja ametuandikia habari za binti yake mwenye miaka 11. Shuleni kwao kuna bwawa la kuogelea, nao huingia majini mara tatu kila juma. Binti alianza kwa furaha, na sasa aweza kulivuka bwawa lote pasipo kushikwa mkono. Lakini nywele zake zakatika, na miguu yapauka hata wenzake humcheka kwamba amejipaka unga. Mama auliza, "Je, nimtoe?"

Mama, usimtoe. Nywele zilizokatika huota tena, bali mtoto asiyejua kuogelea akitumbukia katika maji marefu huenda asionekane tena akiwa hai. Na tuyatazame kwanza maji yenyewe.

Maji ya bwawa hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya maradhi. Pamoja na kazi hiyo njema, klorini huondoa mafuta ambayo ngozi hujitolea yenyewe kwa kujihifadhi. Ndiyo sababu ya kupauka na kuwashwa. Nywele zilizojisokota kama zetu hupata taabu zaidi, kwa kuwa mafuta ya kichwani hayafiki upesi hata nchani. Zile zilizotiwa dawa ya kuzinyosha ni dhaifu kupita zote.

Wengi hudhani kwamba bwawa linalonuka sana ndilo safi. Sivyo. Harufu ile kali, pamoja na macho mekundu, hutoka katika klorini iliyokwisha kuchanganyika na jasho na mkojo wa waogeleaji. Basi ninyi walimu, msiwaache watoto waruke majini na jasho la uwanjani. Waende chooni kwanza, kisha waoge. Dakika moja tu chini ya bomba huondoa sehemu kubwa ya uchafu wa mwilini.

Kuoga huko kuna faida ya pili. Nywele kavu ni kama dodoki: hunywa maji ya kwanza yazifikiayo. Zikisha kushiba maji safi ya bomba, hazina tena nafasi kubwa ya kunywa ya bwawa. Baada ya kuzilowesha, paka mafuta ya nazi kidogo. Bibi zetu wa pwani walijua faida yake zamani, na mwaka 2003 wataalamu wa India walichapisha majaribio yao yaliyoonyesha kwamba mafuta hayo huingia ndani ya unywele na kupunguza kuharibika kwake. Nimesema kidogo, yakizidi, kofia huteleza na mwenye bwawa hukasirika kwa haki.

Zisuke nywele twende kilioni, zisivutwe sana, kisha avae kofia ya kuogelea. Iliyo ya silikoni hainasi nywele kama ya mpira. Wala kofia haizuii maji yote, ila hupunguza. Msichana mwenye nywele nyingi atafute kofia kubwa, naye asione haya, maana jambo hili lilifika hata kwenye Olimpiki. Mwaka 2021 kofia kubwa iitwayo Soul Cap, iliyobuniwa London kwa ajili ya nywele kama zetu, ilikataliwa na FINA, shirikisho la kuogelea la dunia, isitumike katika michezo ya Tokyo. Watu walinung'unika sana, na mwaka 2022 ikakubaliwa. Katika michezo hiyo ya Tokyo Alice Dearing aliogelea kilomita 10, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki.

Akitoka majini, aoge tena mara moja kwa sabuni isiyo kali. Sabuni ya kufulia isiguse ngozi hiyo. Ajipake mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Nywele azioshe kwa maji mengi, azifungue zikauke hata mashinani, maana zikifungwa mbichi hunuka. Mwenye pumu ya ngozi ajipake mafuta mazito hata kabla ya kuingia, na ngozi ikipasuka aende hospitali. Jua nalo huchoma mtu aliye majini. Mtoto mwenye ualbino aogelee kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri, tena avae nguo ya mikono mirefu na kupaka mafuta ya kukinga jua.

Mama, barua yako yasema kwamba kengele hulia watoto wakiwa bado bwawani, nao huvaa sare juu ya maji yale yale hata jioni. Hapo ndipo tulipoona kosa. Nenda kwa mwalimu, umwombe kwa adabu awatoe watoto dakika 10 mapema wapate kuoga. Asipokubali, tuandikie tena.