Akaunti ya Ofisi si Mali ya Mtu

Wahenga walinena kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hawakunena hivyo kwa kuwa kila sauti ya pembe ina ukweli ndani yake, bali kwa kuwa katika kila mji ilijulikana ni nani mwenye haki ya kuipiga mbiu hiyo na inahifadhiwa wapi. Watu wa visiwani wanalielewa jambo hili kuliko wengine. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, siwa ya shaba ya Lamu, na ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu wa Unguja hazikuwa vyombo vya mtu kujifurahisha. Zilikuwa mali ya enzi. Aliyezipiga alisema kwa niaba ya mji mzima, na asiyepewa idhini hakuzigusa.

Leo ofisi zetu za umma zina mbiu ya aina nyingine, nayo ni akaunti za mitandao ya kijamii. Wizara zinazo, mikoa na wilaya zinazo, halmashauri, hospitali, vyuo na mamlaka za bandari pia zinazo. Sisi hatuna ugomvi na jambo hilo. Ni heri mwananchi apate tangazo la ofisi yake kiganjani mwake kuliko kusafiri kutwa nzima kwenda kulisoma ubaoni. Lakini hatuna budi kuuliza maswali ambayo wazee wetu waliyauliza juu ya siwa. Ni nani anayeishika mbiu hii? Akihamishwa, ni nani anayeipokea? Na siku itakapopigwa na mwizi, ni nani atakayesimama mara moja kuwaambia wananchi kwamba sauti hiyo si ya ofisi?

Maswali haya si ya kinadharia. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti rasmi ya Jeshi la Polisi la Tanzania katika mtandao wa X iliingiliwa na wadukuzi. Badala ya matangazo ya usalama wa raia, wananchi walikuta humo picha za aibu na uzushi juu ya uhai wa Rais wa nchi. Jeshi lilikanusha. Siku hiyohiyo watumiaji wengi nchini wakakuta mtandao wenyewe wa X haufunguki. Hatuandiki haya kwa nia ya kulikejeli Jeshi la Polisi, kwani lililotendewa uhalifu ni lenyewe. Tunaandika kwa sababu ikiwa chombo chenye dhamana ya kukamata wezi kimeweza kuibiwa mbiu yake mchana kweupe, basi ofisi ya kata, zahanati au shule haina haki ya kulala usingizi ikidhani kwamba haitafikiwa.

Wala balaa hili halikuanzia kwetu. Mwezi Julai 2014 akaunti ya Jeshi la Ulinzi la Kenya katika mtandao huo, uliokuwa ukiitwa Twitter, ilitekwa na wadukuzi vivyo hivyo. Tarehe 9 Januari 2024 ikawa zamu ya taasisi ya Serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji. Tangazo la uongo lilitokea katika akaunti yake, na bei ya sarafu ya bitcoin ikapanda na kushuka katika muda mfupi. Uchunguzi ulionyesha kuwa hapakuwa na ufundi wa ajabu. Mtu mmoja aliingia katika duka la kampuni ya simu akiwa na kitambulisho cha bandia, akapewa laini yenye namba iliyofungamanishwa na akaunti ile, na wenzake wakaingia kwa namba hiyo. Kufuli la pili, yaani uthibitisho wa hatua mbili, lilikuwa limeondolewa tangu Julai 2023 kwa ombi la watumishi wenyewe, na halikurudishwa. Taifa lenye fedha na wataalamu wengi kiasi kile liliangushwa na mlango uliosahauliwa wazi.

Watu wa visiwani wazingatie mfano mwingine, maana uliwapata wanavisiwa wenzao. Tarehe 13 Januari 2018, katika visiwa vya Hawaii, ofisi ya dharura ilituma kwa makosa tahadhari kwamba kombora linakuja. Watu walikimbia kujificha, na wengine waliwapigia jamaa zao simu za kuagana. Zilipita dakika 38 kabla ya ofisi ile kutuma katika simu zao ujumbe wa kuifuta tahadhari. Gavana wa jimbo hilo, Bwana David Ige, alikuja kukiri mbele ya waandishi wa habari kwamba asubuhi ile hakuyajua maneno ya siri ya akaunti yake ya Twitter. Hapa hapakuwa na mdukuzi wala adui. Palikuwa na ofisi iliyojua namna ya kupiga mbiu, lakini haikuwa imejiandaa kuinyamazisha.

Sasa turudi nyumbani. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mfululizo, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Taarifa hizo zilienea kwa redio na televisheni, lakini pia kwa simu, kutoka mkono hadi mkono, katika visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Tujiulize ingekuwaje lau siku ile mwizi angeishika akaunti ya taasisi mojawapo na kuandika kwamba bahari imetulia. Visiwa hivi havijazisahau MV Spice Islander ya Septemba 2011 na MV Skagit ya Julai 2012, wala havihitaji kuelezwa thamani ya neno moja la ukweli lililosemwa kabla ya boti kung'oa nanga.

Na bara hali ni hiyo hiyo. Tuitazame Mkumbara, kata iliyo chini ya milima ya Usambara katika Wilaya ya Korogwe, kandokando ya barabara ya kwenda Moshi. Enzi za Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, magogo na mbao za mwangati ziliteremshwa kutoka msitu wa Shume kwa njia ya waya hadi stesheni ya reli ya Mkumbara. Njia ya waya ina ncha mbili. Kinachofungwa vibaya juu mlimani humwangukia aliye chini. Matangazo ya ofisi zetu ni vivyo hivyo. Yanatoka juu, makao makuu au wilayani, na anayeangukiwa na kosa ni mkulima wa Mkumbara.

Mkulima huyo akisoma katika akaunti yenye jina na nembo ya halmashauri yake kwamba mbolea ya ruzuku imefika na atume fedha kwa namba fulani ya simu, atajuaje kuwa ni ulaghai? Mvua kubwa zikinyesha, kama zile za Oktoba 2019 zilizoleta maafa Handeni na kukata barabara ya kutoka Korogwe, dereva na abiria watamsikiliza nani? Mfanyabiashara wa Wete anayengoja mzigo uvuke kutoka Tanga anaitegemea barabara hiyohiyo inayopita Mkumbara. Kwa hiyo uzembe wa ofisi moja bara unaweza kumtia hasara mtu aliye ng'ambo ya mkondo wa Pemba, na uzembe wa ofisi ya Pemba unaweza kumrudia mtu wa Korogwe.

Tusemeni kweli juu ya mazoea yaliyoko katika ofisi nyingi. Akaunti hufunguliwa na kijana mmoja mwenye ujuzi, kwa namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na nyingine. Kijana huyo huhamishwa, huacha kazi, au hufariki dunia. Namba ikikaa bila kutumika, kampuni ya simu huweza kumpa mtu mwingine. Kwingine neno la siri huandikwa katika kundi la WhatsApp lenye watumishi kadhaa, na wawili kati yao wamekwisha kustaafu. Kwingine mtumishi hutumia simu moja kwa mambo ya ofisi na mambo yake binafsi, hata siku moja maneno ya mzaha au ya mpira yakatoka kwa jina la Serikali. Haya hayaletwi na wadukuzi wa ng'ambo. Tunayaleta wenyewe.

Ofisi hizo hizo hufunga muhuri wake kabatini. Muhuri una mtunzaji anayejulikana. Mtumishi akihama hukabidhi funguo, samani na muhuri kwa maandishi. Hakuna mkuu wa ofisi atakayemruhusu karani aondoke na muhuri kwa kuwa tu yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuuchukua ulipochongwa. Basi kwa nini akaunti, ambayo kwa dakika moja huwafikia watu wengi kuliko barua elfu zilizogongwa muhuri, iachwe mfukoni mwa mtu?

Wapo watakaosema kuwa dawa ni kuzifunga akaunti zote za ofisi ndogo, au kuamuru kwamba kila neno lipate kwanza kibali cha Dodoma au cha Unguja mjini. Hatukubaliani nao. Tahadhari ya mafuriko inayongoja saini tatu si tahadhari tena, ni kumbukumbu ya maafa. Tena ofisi ikinyamaza, mwananchi hatanyamaza, atamsikiliza mzushi. Wapo pia watakaoona kuwa dawa ni kuuziba mtandao mzima. Kwao tunasema kwa heshima kwamba aliyeibiwa ufunguo hubadilisha kitasa, haufungi mtaa. Mtandao ukizibwa, hata kanusho la ofisi halitamfikia yule aliyekwisha kuusoma uongo.

Sheria tunazo. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya kumwadhibu mhalifu. Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliyounda Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Zanzibar ina taasisi yake ya kazi hiyo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hii ya mwisho inawahusu hata wale wanaopiga picha za wagonjwa, wanafunzi au wazee waliopokea msaada na kuzitundika katika akaunti ya ofisi bila kuwauliza. Mwananchi haji ofisini kuwa pambo la ukurasa. Kilichopungua si sheria, ni nidhamu ya kila siku.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wakuu wa taasisi zote, bara na visiwani. Kwanza, kila akaunti ifungamanishwe na namba ya simu na barua pepe ya ofisi, na iandikwe katika daftari la mali za ofisi kama viandikwavyo viti na magari. Pili, uthibitisho wa hatua mbili uwe lazima, na asiwepo mtu wa kuuondoa kwa kuwa unamchelewesha. Tatu, watunzaji wawe wawili au watatu wanaojulikana kwa majina, na makabidhiano yafanyike kwa maandishi siku mtumishi anapohama, na neno la siri libadilishwe siku hiyohiyo. Nne, awepo mtu mmoja katika kila zamu mwenye mamlaka ya kukanusha au kusahihisha bila kungoja barua ya mkuu wake, na ajulikane kabla ya dharura, si baada yake. Tano, kila tangazo zito litolewe pia kwa njia nyingine: redio, ubao wa ofisi ya kata, wenyeviti wa vijiji na masheha. Si kila mtu Mkumbara au Micheweni ana simu yenye intaneti, na akaunti ikiibiwa, ubao utabaki kuwa shahidi.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa nje wala mtaalamu wa kigeni. Yanahitaji daftari, kalamu, nusu saa ya mkuu wa ofisi, na utashi. Ofisi inayokosa hivyo isije baadaye ikawalaumu wadukuzi peke yao.

Nanyi wananchi, msisambaze tangazo la kushtua kabla ya kulitafuta mahali pa pili. Ofisi ya umma haikusanyi ada kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Ukiona imefanya hivyo, piga simu au nenda ukaulize. Kuuliza si utovu wa adabu.

Imani ya wananchi kwa matangazo ya Serikali yao hujengwa kwa miaka mingi, nayo huweza kubomolewa kwa asubuhi moja. Mbiu ikilia mara tatu kwa uongo, mara ya nne hakuna atakayetoka nje, hata kama kimbunga kiko mlangoni. Mali hii tumeachiwa tuilinde. Basi kila mkuu wa ofisi, kabla ya kufunga kazi leo, aulize swali moja tu: ufunguo wa mbiu yetu uko kwa nani? Asiyepata jibu asiondoke kitini mpaka alipate.