Je, Wafinalisti Wetu Wanasikia Kingereza?



Sisi wa kikundi cha Kingereza tunaomba nafasi kidogo katika kurasa hizi. Jambo tunaleta linaangalia kwanza wafinalisti, lakini wadogo wetu wa klasi za chini wasigeuze ukurasa, maana litawafikia na wao. Jambo lenyewe ni hili: Kingereza chetu kinapimwa namna gani? Tunajibu wazi tangu mwanzo: kinapimwa nusu tu. Macho yanapimwa kidogo, masikio hayapimwi hata kidogo. Na kile hakipimwi, mwisho wake hakifundishwi.

Tuanzie katika lugha yetu. Hapa kwetu mtu akitaka kujua kama unajua lugha fulani, hakuulizi kama unaiandika. Anauliza: "Unasikia Kingereza?" Neno kusikia kwetu iko na maana mbili: sauti kuingia katika sikio, na maana kuingia katika kichwa. Wazee waliweka hayo mawili katika neno moja, na hawakukosea. Sasa mwulize mfinalisti mwenye miaka sita ya Kingereza katika kaye zake: "Unasikia Kingereza?" Wengi watajibu: "Kusoma naweza kidogo, lakini kusikia hapana." Hapo ndipo shida yetu iko.

Juu ya nini iko hivi? Tuangalie Mtihani wa Serikali, ule sisi wote tunaita Exetat. Mtihani huu ulianza mwaka 1967, na tangu pale ndio mlango wa kutoka sekondari na kuingia iniversite. Kwa Kifaransa, mfinalisti anaandika insha, tena anapita mbele ya watu na kusema kwa kinywa. Kwa Kingereza hakuna kitu kama hicho. Anapewa karatasi, anasoma, anachagua jibu moja katikati ya yale yaliyoandikwa. Hakuna mtu anafungua kinywa, hakuna mtu anatega sikio. Mwanafunzi anaweza kupata pointi nzuri za Kingereza na hajasikia hata sentensi moja ya Kingereza siku ile.

Hatuseme kwamba mtihani ule ni mbaya. Watahiniwa ni wengi sana katika inchi kubwa kama Congo, na karatasi ya kuchagua inasahihishwa upesi na kwa haki moja, toka Kinshasa mpaka kijiji cha mwisho. Tunaelewa. Lakini tukumbuke hesabu ndogo: kama swali liko na majibu 5, mtu asiyejua kitu, akichagua kwa bahati tu, anaweza kupata moja juu ya tano. Pointi zile zinaonekana kama akili, kumbe ni kura.

Tena hata macho yenyewe yanaweza kudanganya. Angalieni sentensi hii tumetunga sisi wenyewe:

The zindle gropped a lumba near the tosk.

Sasa swali: Where did the zindle grop the lumba? Kila mwanafunzi wa klasi ya tatu atajibu mbio: Near the tosk. Jibu ni sawa, pointi inatolewa. Lakini zindle ni nini? Tosk ni nini? Hakuna mtu anajua, maana maneno hayo hayako katika Kingereza. Mwanafunzi ametafuta maneno yanayofanana na swali, akayanakili. Hiyo siyo kusoma. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, yule mkubwa wa Etiopia alikuwa anasoma chuo cha Isaya ndani ya gari lake, na Filipo hakumsifu juu ya sauti nzuri. Alimwuliza kama anaelewa maana. Swali lile la Filipo ndilo inafaa kuuliza mwishoni mwa kila somo la kusoma.

Sasa tuje kwa masikio. Mtu wa Kiswahili anasoma neno kama vile limeandikwa. Kwa Kingereza siyo hivyo. Kiswahili kiko na vokali 5 tu, Kingereza kinapita hapo mbali. Ndiyo maana ship na sheep, kwetu vinasikika kama kitu kimoja, lakini moja ni meli, ingine ni kondoo. Though, through na cough vinafanana kwa macho, lakini kwa sikio ni watu watatu wasiojuana. Tena Mwingereza hasemi neno moja moja kama katika kitabu. Anayaunganisha kama maji ya mto. Mwanafunzi anayejua kila neno la sentensi kwenye tablo anaweza kukosa sentensi nzima ikipita hewani.

Wengine watauliza: hiyo itatusaidia nini? Ndugu, fikirini wafanyabiashara wetu wanaovuka Kasindi kwenda Mpondwe mpaka Kampala. Mwenye duka anasema bei: fifteen thousand, ao fifty thousand? Sauti ni karibu moja, lakini katikati yake kuna shilingi 35,000. Mtu aliyejifunza kwa macho tu hataona kitu cha kusoma pale. Iko tu kinywa cha mwenye duka na sikio lake yeye. Fikirini vilevile yule anayeenda kusoma Uganda: mwalimu wa iniversite hataandika kila neno. Na tusisahau kwamba mwaka 2022 Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na Kingereza ni lugha ya kazi katika Jumuiya ile. Kiswahili chetu kitatusaidia sana, tunashukuru Mungu, lakini barua, mikutano na mikataba mingi inapita kwa Kingereza.

Wale waliotunga mitihani ya Kingereza kwa watu wa inchi zingine walijua jambo hili zamani. Mwaka 1913 Cambridge ilitoa mara ya kwanza mtihani wake kwa wageni. Watahiniwa walikuwa 3 tu, na wote 3 walianguka! Lakini katika mtihani ule mlikuwa dikte na mazungumzo, maana yake sikio na kinywa vilipimwa tangu siku ya kwanza. Leo mtihani wa IELTS, ulioanza mwaka 1989 na unaoombwa na iniversite nyingi, uko na maswali 40 ya kusikia na maswali 40 ya kusoma, na yale ya kusikia sauti inapita mara moja tu. Kijana wetu akifika mbele ya mtihani kama ule, pointi zake za Exetat hazitamfungulia masikio.

Basi tufanye nini? Kubadilisha Exetat haiko katika mikono yetu. Kwa mapatano ya mwaka 1977 katikati ya Serikali na makanisa, Kanisa linaongoza masomo yake, lakini programu na mtihani wa mwisho ni vya Serikali. Lakini majaribio ya kila mwezi ni ya kwetu. Mwalimu akitaka kupima masikio yetu siku ya Jumanne, hakuna mtu wa Kinshasa atamkataza. Ndiyo maana tunaleta mashauri haya.

La kwanza ni dikte. Wengi wanafikiri dikte ni kwa Kifaransa tu, tena ni kwa watoto. Hapana. Mwalimu anachagua mistari 8 ao 10. Anasoma mara ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, na sisi biki iko chini, tunasikiliza tu. Mara ya pili anasoma kwa vipande, siyo neno kwa neno, na sisi tunaandika. Mara ya tatu anasoma tena yote ili tusahihishe. Mwandishi mbaya aliyeandika neno vibaya lakini sauti na maana viko sawa, asikatwe pointi nyingi. Yule aliyeandika vizuri sana sentensi isiyo na maana, huyo ndiye hakusikia.

La pili ni kusikia na kufanya. Mwalimu anasema kwa Kingereza: toka kanisani, geuka kushoto, pita soko, nyumba ya tatu ni ya muganga. Sisi tunachora njia kwenye karatasi. Anayechora vizuri amesikia. Hakuna nafasi ya kubahatisha, na hakuna mtu anahitaji kuandika hata neno moja.

La tatu ni kwa kusoma. Mwalimu anaandika kwenye tablo habari ambayo hatujaisoma bado, na kila neno la saba analifuta na kuacha mstari. Sisi tunajaza. Njia hii ilitolewa na Mwamerika mmoja, Wilson Taylor, mwaka 1953, na nguvu yake ni hii: huwezi kujaza nafasi kama hufuati maana ya habari yote. Kama neno la mwanafunzi linafaa pale, lihesabiwe, hata kama siyo lile lile la kitabu.

La ine litawashangaza wengine: maswali juu ya habari ya Kingereza yaulizwe wakati mwingine kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili, na jibu litolewe vile vile. Juu ya nini? Juu mwanafunzi anaweza kuelewa vizuri lakini akose maneno ya kujibia, na mwingine anaweza kunakili mstari bila kuelewa, kama tulivyoona kwa zindle. Ukiuliza kwa Kiswahili, yule wa kunakili hana mahali pa kujificha.

Tunajua maneno yatakayoletwa dhidi yetu. Watu watasema: hatuna mashine, umeme unakatika, hatuna maabara ya lugha. Ndugu, dikte haihitaji umeme. Inahitaji sauti ya mwalimu na kimya ya klasi. Na kama mwalimu ao mwanafunzi mmoja ana telefone, habari fupi inaweza kurekodiwa ndani yake na kusikilizwa na kikundi cha watu 10. Inafaa tu kuanza na mwendo mdogo. Mwaka 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kingereza cha polepole: maneno karibu 1,500, na mwendo kama theluthi mbili ya ule wa kawaida. Sikio ni kama mtoto, linatambaa kabla ya kukimbia.

Wengine watasema, tena kwa sauti ya chini: hata walimu wengine hawajasikia Kingereza cha wenyewe, watatusomea namna gani? Tunajibu kwa heshima. Walimu wetu walifundishwa katika mtihani ule ule tunaozungumzia hapa; siyo kosa lao. Sauti isiyo kamili inapita kimya. Na masomo mawili ya jirani yanaweza kubadilishana walimu siku moja kwa mwezi, ili wanafunzi wazoee vinywa mbalimbali.

Mwisho, wako wanaoogopa haya. Watasema: mkitupima masikio, tutachekwa. Hapo tunawaomba walimu jambo moja. Katika chuo cha Waamuzi sura ya 12, watu wa Gileadi walisimama kwenye kivuko cha Yordani na kumpima kila mpitaji kwa neno moja tu, Shibolethi. Aliyekosa kulitamka aliuawa, na watu 42,000 walikufa. Ule ulikuwa mtihani wa sikio na kinywa, lakini ulikuwa wa kuua. Wetu uwe wa kuponya. Pointi za majaribio haya zisisomwe mbele ya klasi. Zimwonyeshe mwalimu nani anahitaji kusaidiwa, na zimwonyeshe mwanafunzi mahali ameacha njia. Muganga anapima damu kabla ya kutoa dawa. Hapimi ili amcheke mgonjwa.

Tunaomba, basi, Bwana Prefe na walimu wa Kingereza wakubali jaribio moja la kusikia na moja la kusoma kila mwezi kwa wafinalisti, kuanzia mwezi wa kumi, wakati Exetat iko mbali bado na woga haujaingia. Sisi wa kikundi cha Kingereza tuko tayari kuandika habari kwenye tablo, kusahihisha pamoja na walimu, na kukaa na wadogo wetu Jumamosi mchana. Na ninyi wafinalisti, msiseme: "Exetat haiulizi, tuache." Exetat inapita kwa siku chache, halafu kuna maisha, na maisha yanauliza kwa kinywa.

Mwenye maneno ingine, ya kukubali ao ya kukataa, alete karatasi yake kwa mwandishi wa gazeti hili. Tutafurahi kujibiwa.

Bwana awabariki.

Kikundi cha Kingereza