Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam: fremu za karibu na stesheni ziwe za nani?

Ndugu Mkurugenzi,

Treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro Juni 2024, na kabla ya Agosti ikawa inafika Dodoma. Kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, Morogoro sasa ni safari isiyotimiza saa mbili. Nauli ya kawaida iliyotangazwa wakati ule ilikuwa Sh 13,000, kwa hiyo mwenye duka wa Morogoro anaweza kushuka asubuhi, akafungasha mzigo wake Kariakoo na usiku akalala kwake. Wateja wa namna hiyo ndio walionifanya nikuandikie. Kuanzia Sokoine Drive, kupitia Mnara wa Saa na Gerezani hadi pembezoni mwa Kariakoo, kila kiwanja kina thamani ambayo hakikuwa nayo miaka kumi iliyopita, na thamani hiyo hakuna mwenye kiwanja aliyeitengeneza. Imeletwa na reli iliyojengwa kwa kodi na mikopo ambayo Watanzania wote watailipa. Ofisi yako ndiyo inayopokea maombi ya vibali vya ujenzi. Ombi langu ni kwamba kibali chochote cha kubomoa na kujenga upya katika eneo hilo kiambatane na sharti la maandishi: ghorofa ya chini ibaki ya fremu ndogo, na waliokuwa wakifanya biashara pale wawe wa kwanza kurudi, kwa pango wanalolimudu na bila kudaiwa kilemba, yaani malipo ya kuingilia.

Sisemi hivi kwa huruma tu. Stesheni inaihitaji Kariakoo kama Kariakoo inavyoihitaji stesheni. Majirani zetu Wakenya walipozindua SGR yao mwaka 2017, stesheni ya Nairobi iliwekwa Syokimau na ya Mombasa Miritini, zote nje ya mji, na abiria anayeshuka huko bado ana safari nyingine ya kulipia kabla hajafika anakokwenda. Sisi tulipata bahati ya kujenga ubavuni mwa stesheni ya zamani, pale pale ambapo Wajerumani walianza reli yao mwaka 1905, na soko kubwa kuliko yote nchini liko mwendo wa miguu tu. Tukiliondoa soko hilo taratibu, kiwanja baada ya kiwanja, tukaweka maegesho na kumbi za ofisi zenye vioo vya giza, tutakuwa tumeihamishia Syokimau Dar es Salaam. Abiria atashuka katikati ya mji asikute alichokifuata.

Yapo majibu ambayo watu makini hunipa, na la kwanza lina uzito. Wanasema Kariakoo imeshonana mno na ni ya hatari: soko kuu liliungua Julai 2021, na Novemba 2024 ghorofa likaporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Ni kweli, na hakuna anayeweza kuyapuuza makaburi hayo. Lakini usalama wa jengo unatokana na msingi, nondo, ukaguzi na mkandarasi anayewajibika. Hautokani na upana wa duka. Muuza vitenge mwenye fremu ya mita tatu hakuidhinisha mchoro wowote. Mkaguzi akifanya kazi yake, jengo jipya lenye fremu arobaini chini litasimama sawasawa na lenye ukumbi mmoja wa benki.

Wengine husema wafanyabiashara wadogo watafutiwe pengine. Tumeshajaribu. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilikimbiwa kwa miaka na wale wale waliojengewa, kwa kuwa mteja wa machinga ni mpita njia. Hapandi ngazi kutafuta soksi. Anayeuza chaja, soksi au chapati anaishi kwa miguu inayopita mbele yake, na miguu hiyo sasa inatoka stesheni. Kumhamisha kilomita mbili ni kumfungia biashara, hata akipewa meza mpya na bati juu.

Kuhusu mwekezaji, sioni anachopoteza. Ghorofa za juu zote ni zake, na Kariakoo yenyewe inaonyesha kwamba fremu ndogo ya barabarani ndiyo inayogombewa kuliko sehemu yoyote ya jengo. Kuhusu mapato ya Jiji, ushuru wa huduma unatozwa kwenye mauzo, na ukumbi unaosubiri mpangaji mkubwa mwaka mzima hauuzi kitu. Tena kuwarudisha watu si ndoto. Wakazi wa Magomeni Kota waliondolewa ili nyumba zao zijengwe upya, wakasubiri muda mrefu kuliko ilivyostahili, lakini Machi 2022 nyumba zilizinduliwa na kaya 644 zikapewa nafasi pale pale zilipotoka. Walikuwa na madai yanayojulikana na orodha ya majina. Mpangaji wa fremu ya Gerezani hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana risiti za pango, kama mwenye nyumba humpa.

Kuna jambo dogo linaloweza kuanza mapema kuliko yote, nalo ni njia. Mtu aliyeshuka na begi la magurudumu kuelekea Kariakoo hulazimika kushuka barabarani kila anapokuta gari limeegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, huku bajaji zikimpigia honi mgongoni. Miti ya kivuli na mawe ya kuzuia magari yasipande haihitaji mwekezaji.

Ndugu Mkurugenzi, orodha ya viwanja vilivyoombewa vibali kuzunguka stesheni ibandikwe katika ofisi za kata za Gerezani, Mchafukoge na Kariakoo, pamoja na majina ya wapangaji waliopo leo katika kila jengo, nao wapewe siku thelathini za kusema neno kabla tingatinga halijawashwa.