Fedha za Ng'ambo na Shauri la Nyumbani



Yako maneno mawili yanayosemwa sana siku hizi kila wakutanapo wenye mashamba. La kwanza ni kwamba nchi yetu haitasimama ila kwa watoto wake walioko nje. La pili ni kwamba walioko nje hawajui tena mambo ya nyumbani, basi na walete fedha kisha wanyamaze. Mimi mikarafuu yangu iko Pemba, lakini makazi yangu ni Kigombe, katika pwani ya Tanga, ng'ambo ya pili ya mkondo. Kwa hiyo maneno yote mawili yananihusu, nami naona yote mawili yana kasoro.

Shauri langu ni hili. Fedha za ng'ambo hujenga pale tu ambapo wakaao nyumbani wamekwisha kukutana, wakasema wanataka nini, na wakapatana nani atakitunza. Aliye mbali anastahili kupewa nafasi katika baraza hilo na kuonyeshwa hesabu yake, lakini usukani haumhusu. Nitaeleza kwa mifano, maana shauri lisilo na mifano ni kama karafuu isiyoanikwa; haifiki ghalani.

Mfano wa kwanza ni hapa hapa Kigombe. Wengi wenu mnalijua jina la kijiji hiki kwa sababu ya mashua na kwa sababu ya wavuvi wetu wanaokuja kupiga dago huku. Kilimo kikubwa cha pwani hii kilikuwa mkonge. Mmea ule uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kwa muda mrefu mkoa mzima uliutegemea. Katika miaka ya 1960 bei ya mkonge ikaanguka, nyuzi za viwandani zikachukua soko lake, na mwaka 1967 mashamba mengi yakatiwa mikononi mwa Serikali. Kazi ikapungua, watu wakazidi kuikimbilia bahari. Nayo bahari ilikuwa imekwisha kuanza kuharibiwa kwa baruti na kwa majuya yanayokokota kila kitu, hata mayai na vifaranga.

Mwaka 1994 ulianza mpango wa kutunza pwani ya Tanga, uliosaidiwa kwa fedha za watu wa Ireland na kwa maarifa ya shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, IUCN. Kigombe kilikuwa miongoni mwa vijiji vitatu vya kwanza, pamoja na Kipumbwi na Ushongo. Jambo la kuangalia ni utaratibu wake. Fedha hazikuja na ramani iliyokwisha kuchorwa. Wanakijiji walikutana, wakataja shida zao, wakazipanga ipi kwanza na ipi baadaye, wakatunga sheria ndogo za kijiji. Katika mpango wa Mtang'ata walikubali kuifunga miamba miwili, Kitanga na Upangu, isivuliwe. Wavuvi wenyewe wakafundishwa kupiga mbizi na kuhesabu samaki, wapate kujua kwa macho yao kama shauri lao limefaa. Milio ya baruti ikapungua, na samaki wakaongezeka katika miamba iliyofungwa.

Lakini hadithi haikuishia hapo, nami sitaki kuwasimulia nusu yake iliyo tamu tu. Mpango ule ulikwisha mwaka 2007. Fedha za nje zilipokoma, doria zikalegea, kwa sababu mafuta ya boti yalikuwa yamezoea kununuliwa na mfadhili. Baruti ikarudi. Mwaka 2009 Serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kwa ajili ya yule samaki wa kale aliyeanza kunaswa katika majarife ya pwani hii miaka ya 2003 na 2004, na Kigombe kikaingia ndani ya eneo hilo. Hata hivyo ilichukua miaka mingine mingi, na nguvu za vyombo vingi vya Serikali kwa pamoja, mpaka milio ikapungua tena sana baada ya 2016.

Basi mafunzo ni mawili. Watu walipoamua wenyewe, kazi ilishika. Wasipojiwekea akiba ya kuitunza kazi yao, ililegea siku mfadhili alipofunga mkoba. Badilisheni neno "mfadhili" mtie "ndugu yetu wa Maskati" au "kijana wetu wa London", mtaona kwamba jambo ni lile lile.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu wa visiwa vya Ngazija, ambao ni wakulima wa karafuu kama sisi. Wangazija wengi wanaishi Ufaransa, hasa katika mji wa Marseille, na fedha wanazotuma kwao ni zaidi ya sehemu moja katika kumi ya pato la nchi yao. Watu wa kila kijiji walioko kule wana chama chao, na kwa michango ya vyama hivyo zimejengwa barabara, shule na misikiti. Ni jambo la kusifiwa. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo huishia katika arusi kubwa waiitayo anda, na kila kijiji hutazama jengo lake. Kuta za shule hupatikana kwa mchango wa siku moja. Mshahara wa mwalimu wataka mpango wa miaka. Upendo wa kwao wanao. Linalotakiwa ni shauri la pamoja linalovuka mpaka wa kijiji na kijiji.

Mfano wa tatu ni wetu wenyewe, na ni wa zamani. Mwaka 1927 kiliundwa Unguja chama kilichoitwa cha Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1934 amri za serikali ya kikoloni zikakipa madaraka makubwa juu ya biashara ya zao hili, lakini wakubwa wake waliwekwa na serikali. Wafanya biashara wa Kihindi walipoona wanafungiwa mlango walipeleka malalamiko yao India, na mwaka 1937 watu wa kule wakagoma kununua karafuu zetu, mpaka mapatano yakafanywa mwaka 1938. Hapo twaona nguvu ya watu wenye ndugu ng'ambo. Waliweza kulitikisa soko zima. Lakini mkulima aliyepanda mti, akauchuma, akachambua makonyo na kuanika juu ya jamvi, nani alimwuliza? Chama kilikuwa na jina lake, lakini sauti haikuwa yake. Yatupasa tukumbuke hayo kila tunapojivunia kwamba tuna chama.

Labda mtu atauliza, mambo haya ya baraza na kura yanahusu nini wakulima? Yanatuhusu sana. Huku bara, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria, na halmashauri ya kijiji yenye watu 15 hadi 25 wanaochaguliwa. Sisemi kwamba kila kijiji kinafuata. Mikutano mingine huitishwa siku mgeni mkubwa anapokuja tu. Lakini haki ipo katika maandishi, na mtu wa Kigombe akitaka kuidai anajua aende wapi. Kwetu visiwani, sheha huteuliwa, hachaguliwi. Kwa hiyo mkutano wa chama cha wakulima ni moja ya mahali pachache ambapo mwenye shamba anaweza kuinua mkono na mkono wake ukahesabiwa. Tukiuchezea mkutano huo, tumechezea kitu adimu.

Na tunajua tukio la kuulizwa lina thamani gani. Mwezi wa Januari 2001, baada ya maandamano na kuuawa kwa watu, zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwa vyombo vidogo kwenda Shimoni, Kenya. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule mapatano yakatiwa sahihi, na mwaka 2010 Wazanzibari waliulizwa kwa kura kama wanataka Serikali ya umoja wa kitaifa. Kiasi cha thuluthi mbili wakasema ndiyo. Matatizo hayakwisha siku ile, na kila mtu anayajua yaliyofuata. Lakini kura ile ilionyesha kwamba nchi iliyovunjika hushikana vizuri zaidi pale watu wake wanapoulizwa kuliko pale wanapotangaziwa.

Lakini wale walioko nje hawakuulizwa, kwa kuwa Tanzania haina utaratibu wa kupiga kura ukiwa nchi nyingine, na Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Wenzetu wa Kenya waliufungua mlango huo kwa Katiba yao ya 2010, na tangu mwaka 2013 baadhi ya Wakenya walioko nje wanapiga kura ya kumchagua Rais. Mimi naona iko siku nasi tutafika hapo. Lakini hatuna haja ya kungoja Bunge ili tuanze katika chama chetu. Kanuni za chama tunazitunga wenyewe.

Sasa nijibu hoja mbili ambazo najua zitaletwa.

Ya kwanza: "Atoaye fedha nyingi ana haki ya kuchagua kazi." Hasha. Wavuvi wetu wa Pemba wanapokuja pwani hii na nyavu kubwa na fedha mkononi, wanaambiwa mwamba fulani umefungwa, na hapana budi watii, kwa sababu waliofunga ndio watakaobaki pale dago litakapovunjwa. Tukilikubali hilo Kigombe, hatuwezi kulikataa nyumbani. Mkaaji ndiye anayebeba hasara ya mpango mbaya. Mwenye fedha aliye mbali hupoteza mchango wake tu. Mkaaji hupoteza msimu, na pengine shamba. Wazee walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ya pili ni nzito zaidi: "Wakaao nyumbani wana woga, na wengine wamezoea kunyamaza, aliye nje ndiye mwenye uhuru wa kusema kweli." Hii ina ukweli, wala siikatai. Aliye mbali ameona namna nyingine ya kuendesha mambo, hana mtu wa kumnyima kibali, na anaweza kuuliza swali ambalo jirani hathubutu kuuliza. Ndiyo sababu nasema asikilizwe. Lakini sauti yake na iwe ya kuwafungulia wenzake mlango wa kusema, isiwe ya kusema mahali pao.

Kwa hiyo naomba mambo manne yafikiriwe katika mkutano wetu mkuu.

Kwanza, mchango wo wote wa nje usiombwe kabla tawi halijakutana na kuandika haja zake tatu kwa utaratibu wa ipi kwanza. Na mkutano huo usiwe wa wenye mashamba peke yao. Waitwe wachumaji na wanawake wachambuao makonyo, kwa maana wao ndio wanaojua kama tatizo ni sakafu ya kuanikia, au ni njia ya kutolea mzigo shambani, au ni watu wanaoanguka mikarafuuni bila ya msaada.

Pili, wanachama tulioko nje, tukiwa Kigombe, Mombasa, Maskati, Dubai au Uingereza, tuandikishwe katika matawi yetu na kulipa ada sawa na wengine. Maoni yetu yaletwe kwa maandishi kabla ya mkutano, yasomwe mbele ya watu, na yajibiwe. Kura ya kuamua kazi ya tawi ibaki kwa wakaao.

Tatu, hesabu ya michango isomwe kila miezi mitatu na kubandikwa ukutani, shilingi kwa shilingi, na nakala ipelekwe kwa waliotoa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nawajua watu ambao hawatoi tena hata senti, si kwa uchoyo, bali kwa sababu walitoa mara moja wasiambiwe fedha zimekwenda wapi.

Nne, kazi yo yote isianzwe mpaka fungu la kuitunza limewekwa kando, na jina la mtunzaji limeandikwa. Kigombe tumeona kwa macho yetu jambo hili likipuuzwa hugharimu miaka mingapi.

Kuna wanaosema utaratibu kama huu utachelewesha mambo. Utachelewesha, ndiyo. Lakini sisi ni watu wa karafuu. Apandaye mche leo hangoji kuchuma mwakani. Huupalilia miaka sita au minane kabla haujamlipa, na akiupanda vibaya hugundua amechelewa kupanda tena. Tangu mwaka 2011 mkulima amekuwa akiahidiwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na hilo ni jambo jema. Lakini bei njema haijengi shule wala njia, wala haimfundishi kijana kubaki shambani. Hayo yataka watu wakae, wabishane, wapatane, na waandike.

Wanachama mlioko visiwani, msituite siku ya mchango peke yake. Nasi tulioko ng'ambo, tusidhani kwamba hundi ni sawa na jasho. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sote tutarudi huko huko, walio hai kwa miguu yao na wengine kwa majina ya watoto wao. Yafaa tutakaporudi tukute mahali ambapo watu bado wanakutana na kuamua mambo yao wenyewe.

Mwanachama, Kigombe.