Kabla Ununue Seva Kubwa, Hesabu Safari

Wasee, kila mara naona mtu akiuliza anunue seva gani ya nguvu juu ripoti yake inachukua karibu nusu saa. Stori ni ile ile: databesi ya duka iko Nairobi, ya malipo iko Frankfurt, ameziunganisha na postgres_fdw, na sasa jedwali la kule linakaa kama liko hapa nyumbani. Linakaa tu.

Piga hesabu. Ukiiacha vile ilivyokuja, postgres_fdw huleta mistari 100 kwa kila safari. Mistari milioni 1 ni safari 10,000. Tuseme kwenda na kurudi ni milisekunde 150. Hizo ni dakika 25 za kungoja njiani pekee! RAM itakusaidia na nini hapo? Ni kama kuhama nyumba na boda, halafu unatafuta boda yenye injini kubwa. Weka fetch_size iwe 10,000, safari zinabaki 100, yaani sekunde 15 za kungoja. Usipandishe ovyo lakini, kila mzigo unakula memori.

Na kwani ulihitaji hiyo mistari milioni? Mara nyingi ulitaka malipo ya leo tu. Shida ni kwamba ukiandika now() kwa WHERE, postgres_fdw haitumi hilo sharti kule, kwa sababu jibu la now() hubadilika. Jedwali zima linavuka bahari ndio lije kuchujwa kwako. Aki! Acha programu yako itume tarehe yenyewe, kuchuja kufanyike kule kule. Na kabla ulipie chochote, endesha EXPLAIN VERBOSE, uangalie palipoandikwa Remote SQL. Ukikosa kuona WHERE yako hapo, umepata mwizi.

Kuna wale husema tunakili kila kitu usiku, tuulize nakala. Kwa ripoti za mwezi niko nao kabisa, hakuna mtu atakufa juu ya takwimu za jana. Kwa stoki nakataa. Mteja atalipia viatu vilivyoisha asubuhi, na ni wewe utarudisha pesa ukijieleza kwa DM. Kama stoki iko kule, iulizwe kule moja kwa moja, kiatu kimoja kwa namba yake. Hizo ni safari chache tu, hata mteja hatanotisi.